Kaya nambari 103

Mlango ulikuwa wa mbao ya mfenesi, umefungwa kwa kufuli dogo, na juu yake kulikuwa na nambari niliyoiandika mwenyewe kwa chaki siku mbili nyuma: 103. Nilipiga hodi mara tatu kwa desturi tu, maana kufuli nilikuwa naliona. Nyumba ya pili yake, bibi mmoja alikuwa amekaa barazani anasuka ukili. Akaniita.

"Mwanangu, hao hawapo. Njoo ukae kivulini. Hayo maswali yako hata mimi nayaweza."

Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, jua la Micheweni, huku Pemba, limeshakaza, na nilikuwa na madodoso sita ya kumaliza kabla ya gari ya kurudi Wete. Nikaenda. Nikapewa maji, nikakaa kwenye mkeka, nikauliza swali baada ya swali, naye akanijibu kwa utulivu na ukarimu. Pale juu ya karatasi palipohitajika nambari ya kaya, nikaandika 103.

Hiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya udadisi, utafiti wa hali ya maisha ya kaya: chakula, maji, kazi na kipato. Nilikuwa nimetoka skuli si muda mrefu. Siku ile sikuhisi kama nimesema uongo. Bibi ni wa shehia ile ile, eneo dogo linaloongozwa na sheha mmoja, anakunywa maji ya bomba lile lile, ana shida zile zile. Nilijiuliza tu, kuna tofauti gani?

Tofauti nilionyeshwa ufukweni, siku ya tano.

Msimamizi wetu, mama wa makamo kutoka Chake Chake, alikuwa na tabia ya kusoma madodoso yetu kila jioni kwa taa ya simu, moja baada ya moja. Asubuhi ile aliniambia nimfuate, tukashuka pwani. Ilikuwa bamvua. Maji yamekupwa mbali sana, na uwanda wote ule uliobaki wazi, mpaka macho yanapoishia, ulikuwa umejaa vigingi na kamba, na katikati ya vigingi wanawake wameinama, vitambaa vya rangi kiunoni, wanafunga mbegu za mwani. Wengine walikuwa na watoto wa kike wa skuli, wengine na mama zao. Sikuweza kuwahesabu.

Akasema, "Mwanangu, umeshajaza kaya 14 katika shehia hii. Kaya mbili tu ndizo zenye mtu anayelima mwani. Hawa wote unaowaona hapa wako wapi kwenye karatasi zako?"

Sikuwa na la kusema. Nilijua walipo. Walikuwa nyuma ya makufuli.

Mtu wa pwani anajua kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwamba siku hizo kwetu maji hukupwa sana asubuhi, kwenye saa nne au saa tano, saa ile ile ambayo mdadisi anapita kubisha hodi. Niliyajua yote hayo tangu utoto wangu, ila sikuyaunganisha na kazi yangu. Anayelima mwani hayupo nyumbani saa ile, na mumewe huenda yuko dago, kambi ya wavuvi, wiki nzima au zaidi. Anayekuwapo barazani ni mzee, mgonjwa, mwenye mtoto mchanga, au yule ambaye kazi yake ni ya ndani. Kila nilipoacha mlango uliofungwa nikaenda kwa aliyekuwapo, nilikuwa nachagua aina ya mtu bila kujua kwamba nachagua. Na kwa mujibu wa karatasi zangu, wanawake wa shehia ile karibu wote hawakuwa na kazi ya kipato. Hebu fikiria karatasi zile zimefika kwa anayepanga mikopo ya wakulima wa mwani.

Niseme namba 103 ilitoka wapi, kwa sababu huko ndiko nguvu ya jambo lote ilipo. Tulianza kwa kuorodhesha kaya zote za eneo letu, nyumba kwa nyumba, tukapata 240. Tulitakiwa kuhoji 20. Ukigawa 240 kwa 20 unapata 12, kwa hiyo kila kaya ya 12 itahojiwa. Lakini kuanzia wapi? Hapo ndipo nasibu inapoingia, yaani bahati tupu isiyo na matakwa ya mtu. Msimamizi alifungua jadweli la nambari nasibu, akapata nambari kati ya 1 na 12, ikatoka 7. Basi ikawa kaya ya 7, ya 19, ya 31, ya 43, hivyo hivyo mpaka 103 na kuendelea hadi 235. Hakuna mtu aliyependa 103, wala aliyeikwepa. Kila kaya katika zile 240 ilikuwa na nafasi sawa, moja katika 12, iwe ya sheha, ya mwenye duka au ya mjane aliye mwisho wa njia.

Kwa kuwa nafasi ni moja katika 12, kila kaya iliyochaguliwa inabeba kaya 12 mgongoni. Nilipomwandika bibi yule mahali pa 103, nilimpa yeye nafasi mbili, yake na ya jirani yake, na wenye kufuli nikawapa sifuri. Hesabu ya mwisho haina njia ya kulijua hilo. Karatasi yenyewe inaonekana safi kabisa, imejaa. Ningeandika "hawakupatikana", angalau shimo lingeonekana, na wenye hesabu wangejua wanakosa nini. Mimi nililifukia shimo na kulisawazisha juu.

Mmoja wetu siku ya mwanzo aliuliza kwa nini tusiandike tu nambari kwenye vikaratasi, tukavikunja, tukavitia kwenye kofia na kuchota. Msimamizi akatusimulia kilichotokea Marekani Disemba 1969. Serikali ilitaka kuchagua vijana wa kupelekwa vita vya Vietnam kwa kura ya siku ya kuzaliwa. Siku zote 366 ziliandikwa, kila moja ikawekwa ndani ya kidonge cha plastiki. Vidonge vya Januari vilitiwa mwanzo, vya Disemba mwisho, na havikuchanganywa vya kutosha. Wakati wa kuchota, siku za mwisho wa mwaka zikatangulia kutoka mara nyingi kuliko inavyostahiki, na vijana waliozaliwa Novemba na Disemba ndio walioumia zaidi. Mkono wa binadamu ukidhani umechanganya, mara nyingi haujachanganya. Ndiyo maana watu wakatengeneza majadweli: mtakwimu Tippett huko Uingereza alichapisha lake 1927, tarakimu 41,600 alizozitoa kwenye ripoti za sensa. Siku hizi kompyuta inafanya kazi hiyo kwa sekunde.

Mimi hili nililielewa kwa njia nyingine pia, kwa sababu nimekulia kwenye karafuu. Baba yangu alikuwa akinichukua kituoni msimu ukifika, kuuza. Mpokeaji hakuangalia karafuu za juu ya gunia. Alichomeka mkono mpaka kiwiko, akatoa konzi ya chini, akaenda ubavuni akatoa nyingine, akamwaga kiganjani na kuzitazama: zimekauka au zina unyevu, zina makonyo au hazina, nyeusi au zina wekundu wake. Wako watu waliozoea kuweka karafuu nzuri juu. Baba hakuwa miongoni mwao, lakini hakukasirika mkono ulipozama kwenye gunia lake, alisimama akangoja. Watu wanaopatikana kwa urahisi, wa kando ya barabara, wa barazani, wenye simu, wenye muda, ni karafuu za juu ya gunia. Si karafuu mbaya. Ila hazijui kilicho chini.

Na wingi wake hausaidii kitu. Hili ndilo gumu zaidi kumweleza mtu. 1936, jarida moja la Marekani, Literary Digest, lilipeleka karatasi za maoni kwa watu wapatao milioni 10, kuuliza nani atashinda urais. Zilirudi zaidi ya milioni mbili. Likatangaza kwamba Landon atashinda kwa asilimia 57. Aliyeshinda ni Roosevelt, kwa asilimia 61 hivi. Majina yao mengi walikuwa wameyatoa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, na huo ulikuwa wakati wa shida kubwa ya uchumi, wenye simu na magari walikuwa watu wenye uwezo. Juu ya hapo, aliyejisumbua kurudisha karatasi si sawa na aliyeitupa. Mwaka huo huo Gallup, mpimaji wa maoni ya watu, kwa watu wachache mno kuliko hao, alisema Roosevelt atashinda. Hata yeye wakati huo hakutumia sampuli nasibu, yaani watu wachache waliochaguliwa kwa kura, kama tunavyoijua, lakini alijitahidi kuwafikia watu wa kila hali. Kila nikiona kwenye simu mtu anajivunia kwamba watu elfu tano wamejibu swali lake kwenye makundi ya WhatsApp, na kwa hiyo "Wazanzibari wanasema", naikumbuka milioni mbili ile.

Sheha wa shehia yetu aliuliza kutokea upande mwingine. "Watu ishirini ndio watusemee sote? Na nyie huko mtachukua mia ngapi, mseme ndiyo Zanzibar?" Lilikuwa swali la haki na sikuweza kulijibu siku ile. Nimelijibu miaka baadaye, nikiwa chuoni. Watu 400 waliochaguliwa kwa nasibu moja kwa moja kutoka kwenye orodha ya watu wote watakupa asilimia ambayo, mara 95 katika 100, iko ndani ya pointi 5 hivi juu au chini ya ukweli. Ukitaka kulipunguza kosa hilo nusu, huhitaji 800, unahitaji 1,600. Na haibadiliki sana kama unawachota kutoka kwa Wazanzibari 1,889,773 waliohesabiwa katika sensa ya 2022 au kutoka kwa Watanzania wote 61,741,120. Mpokeaji karafuu hahitaji konzi kubwa zaidi kwa sababu ghala ni kubwa, mradi konzi imetoka kila pembe.

Ila kuna tahadhari ambayo sheha aliigusa bila kuitaja. Majirani hufanana. Kaya 20 za kijiji kimoja zinakwambia machache kuliko kaya 20 zilizotawanyika katika vijiji 20, kwa sababu kijiji kikiwa hakina maji, hawana wote. Tunachukua kaya kwa mafungu kwa sababu ya nauli na muda, na bei yake ni kwamba tunahitaji kaya nyingi zaidi na maeneo mengi zaidi. Na visiwa vidogo kama Kojani au Fundo ukiviacha ndani ya kapu moja na Pemba nzima, vinaweza visichaguliwe kabisa. Hapo unagawa kwanza matabaka, yaani makundi kama visiwa hivyo upande wake na Pemba iliyobaki upande wake, kisha unapiga kura ndani ya kila tabaka.

Kupiga kura. Neno hili ndilo lililonisaidia kuliko yote. Mzee mmoja alikuwa amekasirika kwa sababu tumeingia kwa jirani yake mwenye duka, nyumba ya bati jipya, na kwake, ambako kuna njaa, tumepita tu. Aliona kama kuna kitu kinagawiwa na yeye amerukwa. Nilimweleza kwa maneno yote niliyofunzwa na hakuna lililoingia. Aliyekuwa pale, mwalimu wa madrasa, akamwambia: "Mzee wangu, hii ni kura. Si zilitupwa kalamu, kujua nani atamlea Maryam? Na Nabii Yunus si kura iliyomwangukia chomboni? Kura haimjui tajiri wala maskini." Mzee akanyamaza kidogo, akaniuliza kama kura ingeweza kumwangukia yeye. Nikamwambia ndiyo, kwa nafasi ile ile aliyokuwa nayo mwenye duka. Akasema, "Basi hapo sina neno." Tangu siku ile sijaanza mazungumzo na wanakijiji kwa neno sampuli.

Lakini kura ni haki kwa yule tu ambaye jina lake limo ndani ya kapu. Hapa nimeona kazi nyingi zikiharibika kabla hata ya kuanza. Orodha ya mwanzo tuliyopewa ilikuwa na kaya pungufu sana ya zile 240 tulizozikuta kwa miguu. Zilizokosekana hazikuwa za bahati mbaya tu: vijana waliojenga karibuni kandoni mwa kijiji, wapangaji, watu wa kutoka Bara waliokuja kufanya kazi, mwanamke aliyeachika akarudi na watoto wake kwenye chumba cha uani kwa kaka yake na anapika chungu chake mwenyewe. Huyo wa mwisho ni kaya kamili, na hakuna aliyemwona. Tulimpata kwa sababu mwenzangu aliona majiko mawili uani akauliza.

Kuna na wale walioandikwa mara mbili. Mwanamme mwenye wake wawili katika nyumba mbili, kila mke atakwambia mume ni mkuu wa kaya hii. Ukikubali kote, mtu mmoja ana nafasi mbili za kuchaguliwa. Sensa yetu ina kanuni nzuri, inauliza ulilala wapi usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa, na kila utafiti lazima uwe na kanuni yake ya wazi ya namna hiyo, iandikwe kabla mtu hajatoka kwenda kubisha hodi.

Kisha ukishaingia ndani ya nyumba sahihi bado hujamaliza, kama unachotaka ni maoni ya mtu na si habari za kaya. Nani atajibu? Ukimwachia anayefungua mlango, au anayejiona ndiye msemaji, utapata wazee wanaume nchi nzima. Leslie Kish, mtakwimu mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Marekani, alitoa njia yake 1949: unaorodhesha watu wazima wote wa nyumba kwa jinsia na umri, na jadweli lililopangwa tangu ofisini linakwambia ni wa ngapi. Nimeitumia. Nyumba moja ya Wete ilimwangukia mkamwana, msichana wa miaka 19, mbele ya baba mkwe aliyekwisha kuvaa kanzu yake nzuri tayari kuhojiwa. Nilimwomba radhi mzee kwa heshima zote, nikamweleza kura. Alikubali kwa shingo upande na akakaa ukumbini. Yule msichana alijibu maswali ya mwanzo kwa kunong'ona. Kwenye swali la kuhusu kituo cha afya alinyanyua kichwa, na nilijaza upande wa nyuma wa karatasi.

Baadaye nilipofanya utafiti wangu wa chuo, kitu cha kwanza nilichokibandika ukutani kilikuwa kalenda ya mwezi na maji. Siku za bamvua vijiji vya mwani tulikwenda baada ya Magharibi. Siku za maji mafu, maji yasipokupwa sana, tulikwenda asubuhi. Msimu wa karafuu tuliuacha kabisa upite, maana watu wengi huhamia mashambani. Kila mlango uliofungwa tuliurudia mara tatu, kwa saa tatu tofauti na si siku tatu kwa saa ile ile, na kama bado hapana mtu, tuliandika hakupatikana, na sababu kama majirani wanaijua. Hakuna mdadisi aliyeruhusiwa kuchagua mbadala. Walichoka, nauli ilituishia, mmoja aliacha kazi. Sikulegeza.

Usiku wa siku ile ya ufukweni, msimamizi hakunifukuza. Aliyachukua madodoso yangu yote ya shehia, akayakata mstari mwekundu, akanipa mapya 14 matupu. Wiki tatu za mpango wa timu nzima zikasogea kwa ajili yangu, na wenzangu walilazimika kulala nami kijijini kwenye madarasa ya skuli. Baada ya Isha tukaenda, mimi na yeye, kwenye mlango wa mfenesi. Kufuli halikuwapo. Ndani kulikuwa na taa ya sola na harufu ya samaki wa kukaanga, na pembeni ya ukumbi marundo ya mwani mkavu kwenye magunia.

Mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka arubaini na kitu, vidole vyake vimechanika kwa kamba na chumvi. Alitukaribisha, kisha akatazama karatasi mkononi mwangu.

"Nyinyi ndio wale wa maswali?"

"Ndio, dada. Nilikuja asubuhi hukuwapo."

"Asubuhi sipo. Kila anayekuja na karatasi huishia pale kwa bibi," akaonyesha kwa kidevu nyumba ya pili. "Sisi hatujaulizwa hata siku moja."

Nikaandika 103 juu ya karatasi mpya. Tulipofika kwenye swali la nani katika kaya hii anafanya kazi ya kujipatia kipato, alianza kuhesabu kwa vidole: yeye, binti yake mkubwa, mkwewe, mdogo wake aliyekuwa amelala chumba cha pili. Mume yuko dago, amalizie mwezi. Nafasi kwenye dodoso ilikuwa ya watu watatu, na msimamizi akaniambia niandike pembeni.